UZI: “Mzungu alijenga reli miaka mitano, hawa wameshindwa na kilomita kumi za lami.” Tuichambue

1/ Kampeni zikianza huku Kericho na Bomet, kuna sentensi moja lazima mtu aitoe jukwaani: “Mzungu alijenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu kwa miaka mitano, na hawa wameshindwa na kilomita kumi za lami.” Watu wanapiga makofi, kwa sababu inauma, na barabara kweli haijaisha. Leo tuichambue hiyo sentensi. Sitataja mwanasiasa wala chama. Ni historia, na mwisho nitakuachia maswali manne ya kuuliza siku jiwe la msingi litakapowekwa kwenu.

2/ Kwanza, mbona inatuuma sisi wa majani chai kuliko wengine? Kwa sababu jani likishachumwa halingoji mtu. Linapata joto ndani ya gunia na kuanza kuharibika, na linatakiwa kufika kiwandani siku hiyo hiyo. Lori likikwama kwenye matope kati ya kituo cha kununulia na kiwanda, mkulima amefanya kazi bure. Na hata jani likifika, likifika limechoka linatoa chai ya bei ya chini kule mnadani Mombasa.

3/ Kila mwaka tunagombana kuhusu bonasi, kwa nini ya kwetu Magharibi ya Bonde la Ufa iko chini ya ile ya Mashariki. Sababu ni nyingi, sitazimaliza hapa, na barabara si jibu lote. Lakini barabara ambayo haijaisha ni pesa inayotoka mfukoni mwa mkulima kila wiki bila risiti. Ndiyo maana hili jambo halitoshi kumalizwa na makofi.

4/ Ukiuliza kwa nini mradi umekwama, utapewa jibu moja kati ya matatu: “mkandarasi ni wa mtu fulani”, “vijana wa mjengo siku hizi ni wavivu”, au “ni mvua”. Kila moja lina ukweli kidogo. Lakini ukisoma historia ya ujenzi wa eneo hili kwa zaidi ya miaka 120, unaona jambo lingine: muda mwingi hupotea KABLA tinga la kwanza halijafika saiti. Twende polepole.

5/ Tuanze na hiyo reli. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896. Garimoshi likafika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, Desemba 1901. Kwa hiyo hesabu ya “miaka mitano” si uongo. Ila mtu wa jukwaani huwa anaacha sehemu tatu za hadithi, na sehemu ya tatu ilitokea hapa kwetu.

6/ Sehemu ya kwanza: vipimo. Njia ilipimwa mwaka 1891 na 1892 na kikosi cha Macdonald, mhandisi wa jeshi, kilichopita nchi kwa miguu na kwa haraka. Wakakadiria maili 657. Kazi ikaanza kwa makadirio hayo. Baadaye, reli ikiwa tayari inatandikwa, upande wa magharibi ukapimwa upya, ikaonekana kuna njia fupi ya kushuka bonde la Nyando. Mwishowe reli ikawa ya maili kama 580. Yaani walianza kujenga kabla ya kujua vizuri wanaishia wapi.

7/ Bajeti nayo? Mwaka 1896 bunge la Uingereza liliidhinisha pauni milioni 3. Hazikutosha. Mwaka 1900 serikali ikarudi bungeni kuomba nyongeza, na mpaka kazi inaisha pesa ilikuwa imepita milioni 5. Hiyo tabia ya “gharama imepanda kidogo, tuongezeeni” haikuanzia Nairobi. Ilikuja na meli.

8/ Sehemu ya pili: vifaa na watu. Mwaka 1897 mpaka mwanzoni mwa 1898, waajiri na mafundi wa viwanda vya mitambo Uingereza walivutana hadi viwanda vikafungwa kwa miezi. Injini na vyuma vya reli yetu vikachelewa, ikabidi injini nyingine zinunuliwe Philadelphia, Marekani. Na kule Bombay na Karachi kukazuka tauni, usafiri wa vibarua ukazuiwa. Reli ya Afrika ikakwama kwa sababu ya ugonjwa wa India na ugomvi wa mishahara wa Uingereza. Ugavi ukikatika mbali, saiti inalala hapa.

9/ Sehemu ya tatu ndiyo yetu. Ukifika Mau Summit uko zaidi ya futi 8,000 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo reli inashuka Londiani, Lumbwa (leo Kipkelion), Fort Ternan, mpaka uwanda wa ziwa. Ni mabonde baada ya mabonde. Mteremko huo ulihitaji madaraja marefu ya chuma 27. Viwanda vya Uingereza vilitaka muda mrefu mno, kandarasi ikapewa American Bridge Company ya New York. Mafundi wa Marekani wakaja kusimamisha vyuma katika nchi ya Wakipsigis.

10/ Sasa sikiliza vizuri. Wakati garimoshi linafika Kisumu Desemba 1901, madaraja hayo hayakuwa yamekamilika yote. Walipitisha reli ya muda, ya kuzunguka mabonde, ili ifike ziwani. Kazi ya kudumu iliendelea hadi 1903. Kwa lugha ya leo: utepe ulikatwa, picha zikapigwa, kalvati bado. Unaijua hiyo.

11/ Na hiyo kasi ililipiwa na nani? Vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Ardhi ilichukuliwa bila mtu kuulizwa. Wanandi waliokata waya za simu na kuchukua vyuma vya reli walitumiwa jeshi mwaka 1900, na si mara hiyo moja tu. Mkandarasi akifanya kazi hivyo leo kwenye shamba lako la chai, wewe ndiye utakuwa wa kwanza mahakamani, na utakuwa na haki.

12/ Kwa hiyo hata dola kubwa kuliko zote duniani wakati ule, isiyolipa fidia wala kuogopa kesi, ilichelewa na kuzidisha bajeti. Ilikwazwa na vitu vinne: VIPIMO havikuwa kamili, PESA haikutosha, VIFAA vilitoka mbali, na ARDHI ilikuwa na wenyewe. Shika hivyo vinne. Tutavikuta tena mpaka mwisho wa uzi.

13/ Mtu atasema: “Basi mpeni Mchina, yeye hachelewi.” Sawa, tuangalie reli mpya. Mombasa hadi Nairobi ilijengwa kuanzia mwisho wa 2014, na abiria wakapanda Mei 2017. Hiyo ni kasi, hakuna ubishi. Lakini uliza kwa nini. Benki ya Exim ya Uchina ilikuwa imekubali kugharimia karibu asilimia 90. Mkandarasi alijua pesa iko wapi kabla ya kuagiza saruji.

14/ Kisha kipande cha Nairobi kwenda upande wa Naivasha kikafunguliwa Oktoba 2019. Hatua iliyofuata ilikuwa Naivasha hadi Kisumu, na kwenye mpango huo reli ingepita Narok na Bomet. Mkopo haukupatikana. Reli ikaishia bondeni, na kwa miaka kukawa na utani kwamba ni reli ya kwenda porini. Niambie: hao Wachina walifika Suswa wakawa wavivu ghafla? Watu ni walewale, mitambo ni ileile, ujuzi ni uleule. Kilichokosekana ni kimoja kati ya vile vinne.

15/ Mfano wa tatu unahusu maji yetu. Mto Sondu unabeba maji ya Mau yanayopita Kericho na Bomet, halafu unashuka Nyakach, Kisumu. Huko ndiko kuna mtambo wa umeme wa Sondu Miriu, megawati 60. Mkopo wa kwanza kutoka Japani ulisainiwa 1997, kazi ikaanza 1999, na ilipangwa kuisha 2003. Mashine ya kwanza ilianza kazi 2007, ya pili 2008. Miaka mitano imeenda hivyo.

16/ Ilienda wapi? Wakazi na mashirika ya kiraia walilalamika kuhusu maji ya mto, vumbi, fidia, ajira na madai ya ufisadi. Malalamiko yakafika hadi Japani kwenyewe, na mkopo wa awamu ya pili ukasubiri hadi 2004. Wengine wanasema wanaharakati ndio walichelewesha umeme. Mimi nasoma hivi: maswali yale yalistahili kujibiwa kabla ya 1999. Yalipoachwa, yakajibiwa mradi ukiwa katikati, na kujibu swali katikati ya mradi ni ghali mara nyingi zaidi.

17/ Mfano wa nne uko juu ya mto huohuo: bwawa la Itare, Kuresoi, kaunti ya Nakuru, jirani kabisa na sisi. Lingegharimu zaidi ya shilingi bilioni 30 na kupeleka maji Kuresoi, Molo, Njoro, Rongai na mji wa Nakuru. Mkandarasi alikuwa CMC di Ravenna ya Italia, na pesa ilikuwa mkopo wa benki za Ulaya. Kazi ikasimama mwaka 2018. Desemba mwaka huo kampuni ikaenda mahakamani kwao Italia kuomba kinga dhidi ya wadai. Hata nusu ya kazi haikuwa imefika.

18/ Angalia vitu vinne hapo. Pesa: mkopo ulifungwa pamoja na mkandarasi mmoja, kwa hiyo mkandarasi alipoanguka, kumbadilisha kukawa kazi kubwa kuliko kujenga. Maji, ambayo hapa ni kama ardhi: watu wa mteremkoni, Kericho, Bomet na Kisumu, waliuliza mto wao utabaki na nini, na mtambo wa Sondu Miriu unategemea mto huohuo. Swali hilo lilikuwa bado la moto wakati mitambo inachimba. Vijana waliopata kazi wakarudi nyumbani. Mkopo ukabaki kuwa deni letu.

19/ Mfano wa tano ni barabara ambayo chai yetu hupitia kwenda Mombasa: Rironi hadi Mau Summit. Septemba 2020 serikali ilisaini mkataba wa zaidi ya shilingi bilioni 160 na kundi la kampuni za Ufaransa. Wajenge, watoze magari ushuru, warudishe pesa yao kwa miaka 30. Miaka mitano ikapita, upanuzi haukuanza. Ubishi ulikuwa: ushuru uwe kiasi gani, na magari yakipungua nani abebe hasara? Mwaka 2025 mkataba ukavunjwa, na Novemba mwaka huo kazi ikazinduliwa upya na wawekezaji wengine.

20/ Hapo hakuna kijana wa mjengo wa kulaumiwa, kwa sababu hakuna aliyeshika koleo. Hakuna mvua ya kulaumiwa. Miaka mitano ilikwisha juu ya meza, kwenye karatasi. Na kwa hiyo miaka mitano, kila Krismasi tulilala barabarani kati ya Gilgil na Nakuru.

21/ Sasa turudi kijijini, kwenye zile barabara za majani chai: Litein, Kapkatet, Mogogosiek, Boito, Ainamoi, Kipkelion, jaza ya kwenu. Hizi zinakufaje? Lazima uelewe mkandarasi hulipwa vipi. Anafanya kazi, mhandisi anapima kilichofanyika, anaandika cheti cha malipo, cheti kinaenda Nairobi au makao ya kaunti, na hapo kinangoja. Mkandarasi alikopa benki kununua dizeli, kokoto na kulipa vibarua. Riba ya benki haingoji. Mwezi wa tatu anapunguza watu. Wa sita anahamisha grada. Wa tisa amebaki na mlinzi mmoja na kibao.

22/ Hiyo grada kuhamishwa ndiyo unaona wewe unasema “mkandarasi ametoroka”. Wengine hutoroka kweli, tusiwafunike. Lakini madeni ya wakandarasi wa barabara yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 2025 serikali iliweka rehani sehemu ya ushuru wa mafuta, shilingi 7 kwa kila lita, kupata shilingi bilioni 175 za kuwalipa. Ushuru huo ulikuwa umepandishwa kutoka 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024. Kwa hiyo ukipanda boda boda kwenda sokoni, unalipia ucheleweshaji wa jana kwa mafuta ya leo.

23/ “Lakini vijana wa mjengo hawafanyi kazi, mimi nimewaona wamekaa.” Ni kweli umewaona. Chukua mfano: vibarua 12, lori moja la kokoto ambalo linatakiwa kuleta mizigo sita kwa siku. Machimbo yako mbali, dizeli imeletwa nusu, lori linaleta mizigo miwili. Hao 12 watakaa saa nyingi, utake usitake. Ukiwaongeza wawe 20, watakaa 20. Uzalishaji mdogo wa saiti mara nyingi ni lori ambalo halijafika. Na mtu ambaye hajalipwa wiki tatu hatachimba mtaro kama aliyelipwa Jumamosi iliyopita. Hata wewe.

24/ Na mvua? Kericho hunyesha karibu mwaka mzima, ndiyo maana chai imekubali hapa. Udongo wetu mwekundu ukilowa, rola haishiki. Lakini hiyo si habari mpya. Wajenzi wa reli walikutana nayo mwaka 1901. Afadhali kidogo ni Desemba hadi Februari. Sasa tazama kalenda ya serikali: mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Pesa inatolewa kwa kuchelewa, zabuni inatangazwa, mtu anakata rufaa, mkataba unasainiwa Februari, tinga linafika Machi. Machi! Masika ndiyo hiyo inaingia. Mvua haikuchelewesha mradi. Kalenda iliupeleka kwenye mvua.

25/ Ongeza ugomvi wa nani mwenye barabara. Katiba ya 2010 iliweka barabara kuu chini ya serikali ya kitaifa na barabara za kaunti chini ya kaunti. Kwenye karatasi ni rahisi. Kwenye pesa ni vita: wabunge na magavana walivutana hadi mahakamani kuhusu shilingi bilioni 10.5 za ushuru wa barabara. Wakati wakubwa wanashindana nani ashike grada, kalvati ya kwenu inazibwa na matawi ya mkaratusi.

26/ Ardhi nayo. Kifungu cha 40 cha Katiba kinasema ardhi ikichukuliwa kwa matumizi ya umma, mwenyewe alipwe fidia ya haki, tena bila kuchelewa. Hii ni haki yetu, tusiionee aibu. Tatizo ni pale mkandarasi analetwa kabla wenye mashamba kulipwa, kabla nguzo za stima na mabomba ya maji kuhamishwa. Atajenga kilomita mbili, ataruka shamba moja, atajenga nyingine moja. Kila kuruka ni mitambo kupandishwa na kushushwa, na hiyo yote iko kwenye bili.

27/ “Umesahau ufisadi.” Sijasahau. Lakini tazama unaingilia mlango gani: makadirio ya haraka ambayo baadaye “yanarekebishwa”, malipo ya awali yanayotolewa kabla ya saiti kuwa tayari, mkataba unaosainiwa bila ardhi. Ni milango ileile minne. Mradi uliotayarishwa vizuri unaweza kuibiwa, ndiyo, ila mwizi anaonekana mapema. Mradi uliozinduliwa kwa haraka ni giza, na kwenye giza huwezi kujua aliyechukua na aliyecheleweshwa.

28/ Kwa nini basi wanazindua kabla ya kuwa tayari? Kwa sababu sisi tunapiga makofi siku ya jiwe, hatupigi siku ya cheti cha mwisho. Fanya hesabu hii: barabara moja ni shilingi bilioni 1. Ukiitengea milioni 100 kwa mwaka, itachukua miaka 10 hata kama vibarua ni malaika. Lakini ukiwa na milioni 500, unaweza kuzindua barabara tano kwa milioni 100 kila moja, upate mikutano mitano. Au umalize moja kwa miaka miwili, halafu uingie ya pili. Unadhani ipi inaleta kura?

29/ Kuna hoja ya upande wa pili na ina uzito: “Tukingoja kila kitu kiwe tayari, Bomet haitapata kitu; anzeni tu, pesa itafuata.” Mtu wa mbali na Nairobi ana sababu ya kusema hivyo. Ahadi isiyoanza husahaulika kabisa. Ila barabara iliyochimbwa ikaachwa ni mbaya kuliko ile ya zamani: murram imekwanguliwa, mtaro umefunguliwa, mvua inaingia, lori la majani linazama mahali ambapo zamani lilipita. Kuanza si nusu ya kumaliza. Wakati mwingine kuanza ni kuharibu.

30/ Kwa hivyo, siku ya jiwe la msingi kwenu, peleka maswali manne. Moja, VIPIMO: usanifu kamili umekamilika lini, na uko wapi tuuone? Mbili, PESA: mwaka huu wa fedha zimetengwa shilingi ngapi kati ya gharama yote, na mkandarasi huyu anadai ngapi kwingine? Tatu, ARDHI: ni wangapi wanaopaswa kulipwa, na wangapi wamelipwa tayari? Nne, VIFAA NA MSIMU: kokoto na murram zinatoka wapi, na tinga linafika mwezi gani?

31/ Usiulize kwa hasira. Uliza kwa barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upataji Habari ya 2016 inaitaka ofisi ikujibu ndani ya siku 21. Andika kwa KeRRA, KeNHA au kaunti, kutegemea barabara ni ya nani. Weka jina la barabara na namba ya kandarasi iliyo kwenye kibao. Piga picha kibao mapema, kabla mtu hajafanyia mlango wa banda la kuku.

32/ Na kwa wale wa jukwaani: mkirudi na ile sentensi ya mzungu na miaka mitano, kuna watu hapa Kipkelion watawauliza kuhusu yale madaraja 27. Watawauliza pia milioni 3 zilifikaje 5, na reli ya muda ilidumu mpaka lini. Kisha watauliza barabara yao imetengewa shilingi ngapi mwaka huu. Hilo la mwisho ndilo lenye lori la majani linalongoja.

Mwisho wa uzi. Kama kuna barabara kwenu ilizinduliwa ikalala, taja jina lake hapa chini na mwaka wa jiwe. Usitaje mtu, taja barabara. Tuzihesabu.